Jina la Mwenyekiti

Mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa alipenda jina lake jinsi mtoto anavyopenda sukari. Lilikuwa kwenye geti, lilikuwa kwenye tangi la maji, lilikuwa kwenye kikombe chake cha chai, na lilikuwa hata kwenye kibao cha choo cha wageni, kueleza kwamba ni yeye aliyekifungua rasmi. Sisemi haya kwa kuwa namchukia. Namchukia, ndiyo, tena sana, lakini nayasema kwa sababu jina hilo ndilo lililonitoa nyumbani kwa mama.

Mama anakaa Wamagana. Alipigwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukalala na mguu ukawa wa kuburuta, nami nikaacha kazi Nairobi nikarudi. Ungeniuliza mbona nisimwachie mke wa kaka yangu, maana boma letu ni moja. Yule? Yule ni mtu wa kumwekea mgonjwa uji upande wa mkono uliokufa, halafu aende kwa jirani kusengenya mpaka jioni. Siku niliyofika nilimkuta mama amelowa, ameketi anaangalia ukuta, na uji umeganda mezani. Nikaapa sitaondoka tena.

Mimi na mama tunaitana maitu, yaani mama kwa lugha yetu. Mimi namwita hivyo kwa kuwa ni mama yangu, naye aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na kwetu jina ukishapewa unabeba na mwenyewe aliyekuwa nalo. Nilizoea kusikia "maitu, niletee maji" kutoka kwa mwanamke aliyenizaa. Nilikuwa nalipenda neno hilo kuliko jina langu.

Kazi niliipata kwa chama cha maziwa, ofisi yao ya ghorofani mjini Nyeri, kwa mkataba wa muda. Meneja aliniambia mapema, "Tukizindua hii kitu vizuri, tunakuandika kabisa. Ikiharibika, ah, si unajua." Nilijua. Ikiharibika ni Nairobi, na mama kwa mke wa kaka.

Hicho kitu ni hivi. Kila ng'ombe wa mwanachama alikuwa na kadi: alipandishwa na fahali gani, alizaa lini, aliugua nini, alidungwa dawa gani. Kadi zilikuwa zinaliwa na panya na unyevu wa kwetu Tetu. Tukaziandika zote kwenye kompyuta, ili daktari wa mifugo akitaka ng'ombe waliovimba matiti upande wa Wamagana, aandike maneno hayo tu na wote watokee. Kazi hiyo ya kutafuta haifanywi na kompyuta moja. Inafanywa na kadhaa zinazosaidiana, tunaita klasta, na yetu haikuwa Nyeri. Tuliikodisha kwenye klaudi, yaani wingu, kwa watu walioko ng'ambo, na wao ndio wanaoilinda na kuitengeneza.

Raha ya klasta kama hiyo ni kwamba huibofyibofyi. Unaiandika. Unafungua faili unaandika seva ngapi, diski kubwa kiasi gani, nani anaruhusiwa kuingia, data ifungwe vipi, na mwanzo kabisa unaandika jina lake. Ni kama kumpa fundi ramani ya nyumba. Kisha unatoa amri, na kabla ya kugusa chochote programu inakusomea mpango wake: hiki nitaongeza, hiki nitabadilisha, hiki nitabomoa. Kinachobomolewa kinakuja kwa rangi nyekundu. Halafu inakaa inakungoja uandike "yes". Huwezi kuandika kitu kingine ikakubali.

Ukiongeza diski, fundi anaiongeza wewe ukiwa ndani. Lakini jina la klasta halibadilishwi hivyo. Ukiligusa jina, programu inabomoa klasta nzima na kujenga nyingine yenye jina jipya, tupu kabisa, na hata zile nakala ambazo wenye klaudi hukutunzia kila siku zinaenda na ile ya kwanza. Nilimweleza meneja jambo hilo mpaka mate yakanikauka. Kwa kuwa namjua, nikaandika kwenye faili mstari mmoja wa kufuli, unaokataza kubomoa. Na kila Ijumaa nikatoa nakala yetu wenyewe na kuiweka ghala tofauti. Meneja alicheka. Aliita hiyo nakala ya woga.

Siku ya uzinduzi ilikuwa ya baridi ile ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya kahawa. Tenti ilipigwa Wamagana, uwanjani kwenye kituo cha chama cha kukusanyia maziwa, viti vya plastiki vikajaa, na nyuma ya jengo akina mama wakawa wanapika chai. Moto waliuwasha kwa zile kadi za ng'ombe. Meneja alikuwa ameamuru hivyo, ati sasa kila kitu kiko juu. Mama alikuwa mstari wa mbele, kwa sababu ng'ombe wake ndiye tuliyemwandika kwanza na ng'ombe huyo ndiye angeonyeshwa kwa watu. Asubuhi nilimfunga kitambaa chake cheupe cha kanisani kwa mikono yangu, naye akajiangalia kwa kioo na kutabasamu kwa upande ule mzima wa uso.

Nikamkuta meneja kwenye kompyuta anachekacheka.

"Nimeweka jina ya mwenyekiti pale juu," akaninong'oneza. "Akuje kubonyeza aone jina yake kwa ukuta. Si utaona vile atafurahi?"

"Jina la nini?"

"Ya klasta. Halafu kulikuwa na mstari yako hapo inaleta kelele. Nimeitoa."

"Umetoa kufuli?"

"Sijui kama ni kufuli ama ni nini. Ilikuwa inakataa mwenyekiti."

Nikamwambia arudishe jina la zamani sasa hivi, ng'ombe wote wanafutwa. Akanitazama kama mtu anayemwomba soda. "Ati wanafutwa. Wewe kila siku ni kufutwa tu. Mwenyekiti ameketi pale na suti. Nikamwambie nini, kompyuta imekataa jina yake?"

Akawasha projekta. Mpango ukatokea ukutani, mkubwa, mbele ya kijiji chote, na katikati jina la mwenyekiti. Watu wakapiga makofi. Kando ya jina, kwa wekundu wa damu, ilikuwa imeandikwa wazi kwamba klasta itabomolewa. Nani asome? Kila jicho lilikuwa kwenye jina, na mwenye jina alikuwa amesimama kulipigia picha kwa simu.

Nikasimama. Sina mdomo mtamu, lakini siku hiyo niliutafuta. "Mzee, kwa heshima yako, naomba tusibonyeze kwanza."

Mwenyekiti akageuka polepole. "Kwani jina yangu iko na ugonjwa?"

Tenti nzima ikaangua kicheko. Akangoja kiishe, kisha akauliza, "Na huyu ni wa nani?" Mama akainamisha uso. Meneja akanishika bega akanikalisha kwa nguvu, huku anawachekea watu.

Kwetu hakuna kinachoanzwa bila maombi, hata kama ni kuwasha taa. Pasta akasema tufunge macho, na macho yote yakafungwa, isipokuwa yangu. Aliomba kwa ajili ya ng'ombe, na maziwa, na teknolojia, na mwenyekiti kwa jina lake lote. Mwenyekiti akafungua jicho moja, akatafuta herufi kwa kidole kimoja, akaandika lile neno na kubonyeza. Klasta ya zamani ilianza kubomoka watu wakiwa kwenye amina.

Wakaenda kunywa chai. Mimi nilikaa nikiangalia mistari ikipita. Mambo haya hayana kelele, hayana moshi. Ng'ombe wa Tetu nzima walikuwa wanaondoka, na watu wakawa wanagombania mandazi. Kabla chai haijaisha klasta mpya ilikuwa imesimama, nzima, nzuri, na haina kitu.

Meneja akamwita mama mbele. Alitembea na mkongojo wake, mguu unaburuta kwenye nyasi, na hakuna aliyemsaidia kwa kuwa mimi nilizuiwa kusimama. Aliulizwa jina la ng'ombe wake akalitaja kwa sauti ya kanisani. Meneja akaliandika. Ukutani ikatokea: hakuna kilichopatikana. Akaandika tena. Hakuna. Akajaribu ng'ombe wa pasta, akajaribu wa mwenyekiti mwenyewe. Hakuna, hakuna.

"Sasa ng'ombe yangu iko wapi?" mama akauliza.

"Imechinjwa huko juu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka mpaka viti vikalia. Mama alisimama katikati ya kicheko hicho na kitambaa chake cheupe, anaangalia ukuta vile nilivyomkuta siku ile amelowa.

Meneja hakukawia. Akashika kipaza sauti. "Wazazi wetu, poleni sana. Kuna msichana wetu hapa anashughulikia mitambo. Amefanya makosa. Hiyo tutarekebisha, na yeye pia tutamrekebisha."

Mama akanyoosha mkono mzima akaomba kipaza sauti. Nilidhani, jamani, kweli nilidhani mama yangu anataka kunitetea.

"Huyo ni msichana yangu," akasema. "Mnisamehe. Tangu akiwa mdogo, kitu ikipita kwa mkono yake, imevunjika. Nilimpeleka shule nikidhani itaisha."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika tumbo.

Meneja alinivuta nyuma ya tenti, jasho linamtiririka kwenye baridi ile. "Uko na ile nakala yako ya woga?"

"Niko nayo."

"Rudisha. Tafadhali, dadangu. Rudisha, na mambo ya mkataba tunamaliza hii wiki."

Sasa ni dada. Ningeweza kumwambia aende akazitafute kadi zake kwenye majivu. Nilitamani hivyo, na bado natamani. Lakini mle ndani mlikuwa na ng'ombe wa mama, na nilitaka mkataba ule jinsi mtu anayezama anavyotaka hewa. Nikakaa kwenye stoo, katikati ya mitungi ya maziwa iliyonuka chachu, nikaandika kwenye faili ghala liko wapi, nikaipa klasta mpya ruhusa ya kulisoma, nikarudisha ile kufuli, nikatoa amri. Ng'ombe wakaanza kurudi. Nilimtafuta wa mama kwanza. Akatokea, na picha yake akitafuna, na paji lake jeupe. Nikalia hapo peke yangu kama mjinga.

Jumatatu meneja aliandika kwenye kundi la wanachama la WhatsApp. Ati chama kimeleta mtaalamu kutoka Nairobi, kijana mkali sana, na ng'ombe zote zimepatikana. Watu wakajaza amina na makofi. Nikamwendea na simu mkononi.

"Sasa ulitaka niseme ni wewe?" akasema, bila hata kuinua macho. "Wakijua ni wewe umetengeneza, watauliza nani aliharibu. Niwaambie nani? Halafu mwenyekiti amesema hataki kuona uso yako hapa. Mkataba ikiisha, imeisha."

Ikaisha. Nilizunguka Nyeri mjini, nikaenda Karatina, nikapanda mpaka Nanyuki, na kila mahali nilipouliza waliniangalia kwa huruma ya watu wasio na kazi ya kunipa. Walionijibu ni wale wa Nairobi niliokuwa nimewaacha. Mke wa kaka alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo, akauliza kama blanketi lile zito naliacha.

Tangu siku ya tenti mama hakuniita maitu tena. Aliniita kwa jina la kitambulisho, lile la walimu na polisi.

Asubuhi ya kuondoka nilimpikia uji, nikamwekea upande wa mkono mzima, nikamwonyesha mke wa kaka: hapa, unaona, si pale. Akaitikia huku anaangalia simu. Mama alikuwa anamsikiliza akimsomea habari za kundi, kwamba daktari wa mifugo alikuwa amemtibu ng'ombe wa mtu vizuri kwa msaada wa ile mitambo.

"Mungu abariki huyo kijana wa Nairobi," mama akasema. "Huyo mama yake analala vizuri."

Nilikuwa nimenyamaza siku zote hizo. Nikapiga magoti mbele yake nikamshika mkono, ule uliokufa, na kwa kuwa hausikii kitu nikashika na ule mwingine. "Maitu, niangalie. Hakuna kijana. Hakuna mtu alitoka Nairobi. Ni mimi niliwarudisha, kwa stoo, siku ile ile."

Uso wake ukalegea, na nikaona amenielewa. Akatoa mkono wake mzima kwenye wangu akanipapasa kichwa.

"Hata mimi ningeaibika hivyo, ningedanganya," akasema kwa upole. "Usijali. Ukifika huko mtafute huyo kijana. Umwambie akufunze kazi pole pole."

Mke wa kaka alicheka mlangoni. Nikasimama, nikausogeza uji karibu zaidi na mkono wake wa kulia, nikachukua begi.

"Sawa, maitu," nikamwambia. "Nitamtafuta."