Fundi cherehani anayejifunza buibui ili aongee na bintiye

Saa mbili asubuhi. Fundi ameshafungua duka lake na kukung'uta kitambaa kinachofunika cherehani, lakini bado hajakaa. Amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa kinakaribia kugusa dari, anachungulia utando wa buibui kwenye kona ya dirisha. Mkononi ana penseli na daftari la vipimo vya wateja.

"Ule wa jana ameula wote," anasema bila kugeuka. "Huu kaufuma upya."

Mteja aliyefuata suruali yake anaangua kicheko. "Huyu Pindo siku hizi simwelewi. Duka la nguo, halafu linafuga buibui!"

Mtaa mzima unamwita Pindo, kwa sababu pindo la suruali akilishona yeye halifumuki. Ana miaka hamsini na minne, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza kwenye cherehani hii. Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka minne. Tangu hapo walikuwa wawili tu, baba na mtoto, mpaka mwaka jana alipobaki mwenyewe.

Binti sasa ana miaka kumi na miwili. Katika shule yake ya kwanza, darasa lilikuwa na watoto sabini na wawili. Kengele ikilia, anaziba masikio na kujificha chini ya dawati. Walimu walimwona mkaidi, wenzake wakamwita bubu. Hakuna aliyejua kwamba akiwa darasa la tatu alikuwa akifanya hesabu za darasa la saba kwenye kurasa za nyuma za daftari, kwa kujifurahisha tu.

"Kila wiki naitwa shuleni," anakumbuka Pindo. "Naambiwa mwanao hana adabu. Na mimi nikirudi nyumbani namgombeza. Nilimgombeza sana, ndugu yangu."

Mwalimu mgeni wa hesabu ndiye aliyelifunua lile daftari kwa nyuma. Alihangaika miezi minane mpaka binti akapimwa na wataalamu, kisha akapata nafasi katika shule ya bweni ya watoto wenye vipaji ambao akili zao zina namna ya pekee ya kufanya kazi.

Huko darasa lina watoto tisa. Hakuna kengele; kipindi kikiisha, taa ya kijani huwaka ukutani. Kuna chumba cha kimya, anayeelemewa huingia bila kuomba ruhusa. Binti anasoma hesabu na waliomzidi miaka mitatu, na anafundishwa kufunga kamba za viatu pamoja na wanafunzi wadogo kuliko yeye. Hakuna anayemcheka.

Lakini kufika huko ni safari ya siku nzima.

"Mtoto kapata, mimi nimekosa," anasema Pindo. "Wiki ya kwanza nilipika chakula cha watu wawili kila siku. Naita, 'Mama, njoo ule', maana mimi namwita Mama. Halafu naisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya nyumba."

Alipokwenda kumtembelea mara ya kwanza, walikaa saa mbili kwenye benchi.

"Namuuliza umekula? Kimya. Unalala vizuri? Kimya. Nikamwambia nimekukumbuka, Mama. Akainuka, akaenda zake."

Njiani kurudi alikata shauri kumtoa shule ile, akiamini inamnyang'anya mtoto. Alipompigia simu mwalimu wa darasa kumweleza, akaulizwa swali moja: je, baba anajua binti yake anapenda nini?

"Nikajibu, anapenda hesabu. Mwalimu akaniambia, hapana baba, hesabu anaziweza. Anachopenda ni buibui."

Pindo anasimulia kwamba hapo ndipo alipoukumbuka ufagio wake. Kila Jumamosi, miaka yote ile, alikuwa akipitisha ufagio juu ya kitanda cha mtoto kuondoa utando, naye mtoto akilia mpaka sauti inakauka.

"Kumbe nilikuwa nabomoa nyumba za rafiki zake, na najiona nafanya usafi."

Hakumtoa. Mwalimu alimtumia kitabu cha picha, naye Pindo akaanza kukisoma taratibu kwa kidole, kwani yeye aliishia darasa la nne. Tena buibui alikuwa akiwaogopa. Anakiri kwamba siku ya kwanza alimchungulia wa dirishani huku kashika mkasi.

Barua yake ya kwanza ilikuwa na mistari miwili: dukani kuna buibui jike, ana macho sita. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu.

"Baba, huenda huyo si jike," Pindo analisoma kwa sauti. "Angalia vile vikono viwili karibu na mdomo. Kama vimevimba, ni dume. Na macho hesabu tena."

"Nililia hapa hapa," anasema. "Nikalowesha shati la mtu."

Mpaka sasa amepokea barua kumi na moja. Hakuna hata moja inayouliza hali yake.

"Mwanzo niliumia. Sasa nawaza, mtu akikuandikia kurasa nne za miguu ya buibui, huyo hajakusahau."

Hata hivyo hana wa kuzungumza naye habari hizo. Wateja wanacheka, majirani wanabadilisha mada. Akigundua jambo jipya hulichora, hulikunja kwenye bahasha, kisha hurudi kwenye kazi zake akisubiri wiki tatu.

Likizo iliyopita, kwa ushauri wa walimu, binti alibaki shuleni ili asivurugwe na safari. Hii ijayo, baada ya wiki tano, anakuja nyumbani kwa mara ya kwanza. Pindo amepanga kufunga duka siku hizo zote, na ameshampigia simu mwalimu kuuliza mtoto apokelewe vipi.

"Ameniambia nisimkumbatie. Nisimuulize maswali mfululizo. Nimwache aje mwenyewe."

Anaitazama mikono yake, vidole vimejaa alama za sindano.

"Nitasimama mbali kidogo na mlango wa basi," anasema. "Na mikono nitaitia mfukoni, maana naijua hii, haitanisikia."