Nyanya za Mama na Baridi Isiyoisha

Mwaka ule baridi ilikataa kuondoka kwenye kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka. Kwa kawaida, Agosti ikielekea mwisho huwa tunaanza kukaa nje bila sweta, na mama alipanda nyanya zake akiamini hivyo. Alizipanda nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa chumba, akazisimamishia vijiti. Mama ni mkulima wa Fizi, kule Kongo. Tangu tufike Malawi, bustani hiyo ndiyo mahali pekee ambapo hakuhitaji nimtafsirie neno.

Badala ya jua yakaja manyunyu, yale ambayo Wamalawi huyaita chiperoni, pamoja na upepo unaopenya hadi mifupani. Majani ya nyanya yakageuka zambarau, kisha yakatoka madoa meusi.

"Njo baridi gani hii yenye haiishe?" mama aliniuliza.

Nilimwambia labda kesho. Kesho ikawa vilevile. Akatoa vitenge vyake sandukuni, akawa anazifunika nyanya kila jioni, na asubuhi anavianua vimelowa chepechepe. Jirani yetu, mama mmoja wa Kindu anayeuza mandazi, alisimama kwenye uzio akimtazama.

"Mama, utagonjwa juu ya nyanya," alisema, akaelekeza kidole kwenye mchicha wake ulionyauka. "Mi lenga-lenga yangu nilishaacha. Majani yote imekufa."

Mama akaendelea kutandaza vitenge. Alikuwa ameanza kukohoa.

Nikapanda basi kwenda Lilongwe. Mtaa wa Area 23 kuna duka la mbegu na dawa za mimea, nikamwonyesha muuzaji tawi la nyanya nililolifunga kwenye plastiki. Aliligeuza, akalinusa.

"Palibe mankhwala a kuzizira," alisema kwa upole. Hakuna dawa ya baridi. Dawa ya madoa alikuwa nayo, lakini ni ya kupulizia mmea mkavu, na kwetu hakukuwa na kitu kikavu. Nikasema zikomo, asante, nikatoka.

Mama alikuwa akinisubiri mlangoni. Miaka yote hapa mimi ndiye ninayemletea majibu: ya ofisini, ya hospitali, ya shule ya wadogo zangu. Zuri au baya, jibu lilikuwepo. Siku hiyo nilisimama mbele yake na tawi mkononi.

"Amesema nini?"

"Amesema tungoje jua."

"Hiyo hata mi nilijua," alisema, akaingia ndani.

Jua lilikuja baadaye, ghafla na kali, wakati miche imekwisha kuoza hadi kwenye shina. Mama aliing'oa mwenyewe. Nilipoinama kumsaidia akaniambia niache, nikarudi kuketi kizingitini, nikimsikiliza akikohoa. Kila mche aliukung'uta udongo kwenye mizizi taratibu, kama mtu anayekusudia kuupanda mahali pengine. Alipomaliza yote, akaibeba kwa mikono miwili, akaenda kuitupa jalalani.