Kisu au Umeme

Hildegarda aliingia chumba cha upasuaji mwaka ule ule nchi ilipopata uhuru, akiwa na miaka kumi na tisa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchemsha mikasi. Hospitali ilikuwa ndogo, ya misheni, mlimani juu ya mji wa Kilosa. Miaka kumi na mitano baadaye alikuwa ndiye anayesimama kando ya daktari na kumkabidhi vyombo kabla hajaviomba. Watu walimwita Sista Hilda, ingawa hakuwa mtawa. Hakuolewa pia. Waliomjua walisema mume wake ni ile meza ya upasuaji, naye alicheka tu.

Mwaka 1976 alikuja Daktari Oswald, mtu wa Songea aliyesomea upasuaji wa wanawake ng'ambo. Alikuja na kasha la mbao, na ndani yake mashine ya kijivu yenye nyaya mbili na kanyagio la mguu. Mgonjwa alilazwa juu ya bamba la bati lililofunikwa kitambaa cha maji ya chumvi, daktari akakanyaga, na ncha nyembamba ya chuma ikapasua nyama huku ikiichoma. Wanawake wodini waliiita pasi. "Wewe umekatwa au umepigwa pasi?" waliulizana.

Daktari alitaka kujua lililo bora la kufungulia tumbo: kisu cha kawaida au umeme. Aliandika vikaratasi arobaini, nusu KISU, nusu UMEME, akavikunja na kuvitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Kila asubuhi ya upasuaji, Sista, utachomoa kimoja," alimwambia Hildegarda. "Usichague. Kikishatoka hakirudi."

Wagonjwa waliambiwa, wakakubali. Wengi wao walikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na kwao jambo lilikuwa kutolewa huo uvimbe, si kwa chombo gani. Hildegarda akawa anapima. Alipima kwa saa ya ukutani dakika za kufungua tumbo. Alipima shashi zilizolowa damu kwenye mizani ya jikoni, ile ya unga, iliyohamishiwa kwake. Siku zilizofuata aliuliza maumivu na kutazama mishono, akaandika yote katika daftari la shule.

Baada ya wagonjwa ishirini, alianza kuwa na upande. Hakumwambia mtu. Lakini mikono yake iliona kwamba kwa umeme shashi zilikuwa nyepesi, na ngozi ilipofunguka haikutoa yale machozi mekundu ambayo kwa kisu ilibidi ayafute na kuyafuta tena.

Ndipo Fausta akaja.

Fausta alikuwa mdogo wake wa mwisho, mke wa Kornelio, mkulima wa vitunguu huko Malolo. Walikuwa miaka saba kwenye ndoa bila mtoto. Kijiji chao kilikuwa kimehamishwa kutoka mlimani miaka miwili nyuma, na katika nyumba mpya ya bondeni Fausta alianza kutokwa damu kila mwezi siku kumi, kumi na mbili. Walipanda lori la vitunguu hadi Mikumi, kutoka hapo wakapanda treni hadi Kilosa. Alipofika getini alikuwa mweupe viganjani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona hukuniletea habari mapema?"

"Nilidhani itakoma."

Kornelio alisimama nyuma yake na mkeka kwapani. "Shikamoo, shemeji. Nimekuletea mgonjwa. Mimi nimeshindwa."

Daktari alimpima. Uvimbe ulikuwa mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Damu yake ilikuwa asilimia arobaini na nane tu ya inayotakiwa. Wakamlaza wiki tano akimeza vidonge vya madini ya chuma na kula maini kila yalipopatikana, mpaka ikafika sitini. Damu ya akiba ilipatikana chupa moja tu, ya Kornelio. Ya Hildegarda ilipimwa ikakataa kuungana na ya mdogo wake. Aliomba ipimwe tena. Ikakataa tena.

"Nitatoa uvimbe peke yake," Daktari aliwaambia mke na mume. "Kizazi nitajitahidi kukiacha. Damu ikizidi, nitalazimika kukitoa kuokoa maisha."

"Jitahidi, daktari," alisema Kornelio.

Asubuhi ya upasuaji Hildegarda aliingia peke yake chumba cha vyombo, akafungua kopo, akachomoa. KISU.

Alikitazama kile kikaratasi kwa muda. Aliwaza zile shashi nzito. Aliwaza asilimia sitini na chupa moja. Akakikunja, akakirudisha, akatikisa kopo. Akachomoa tena. KISU. Akakirudisha hicho nacho. Cha tatu kilikuwa UMEME. Akatoka nacho, akampa daktari, na daktari akasoma, akasema, "Haya, umeme," kama alivyosema siku zote.

Kwa sababu etha, ile dawa ya usingizi inayoshika moto upesi, na cheche haviwezi kukaa chumba kimoja, wagonjwa wa utafiti walichomwa sindano ya mgongoni. Walikufa ganzi kuanzia kitovuni kwenda chini, lakini walikuwa macho. Simoni, mganga msaidizi, alikaa kichwani pa Fausta akishika mapigo ya mkono. Shuka lilisimamishwa kati ya uso wake na tumbo lake.

Tumbo lilifunguliwa kwa dakika sita. Ngozi, mafuta, ule utando mweupe mgumu: kila tabaka liliachia karibu kavu. Hildegarda aliweka shashi mbili tu kwenye mizani. Moyo wake ulitulia, akamshukuru Mungu, na hata dhambi ya asubuhi ikaanza kuonekana ndogo.

Kisha daktari aliweka mashine pembeni akaingia ndani, kwenye kizazi chenyewe, na uvimbe ulipong'oka kwenye kitanda chake damu ikaja. Haikuchuruzika. Ilijaa. Daktari alishona, ikapita kando ya uzi. Akabana kwa mkono, ikapanda kati ya vidole. Hildegarda alitoa shashi, akatoa nyingine, akaacha kupima.

"Chupa imekwisha," alisema Simoni. "Mapigo mia na arobaini. Yanapotea."

"Mwambie, Sista," alisema Daktari Oswald bila kuinua macho. "Mwambie ninalazimika kukitoa. Mwambie kwa lugha yenu."

Hildegarda aliinama juu ya shuka. Uso wa Fausta ulikuwa na jasho la baridi. Akamwambia, kwa Kisagara, maneno machache kadiri alivyoweza.

"Dada," alisema Fausta taratibu, "usiniulize mimi. Wewe ndiye unayeona."

Hildegarda alikuwa ameona matumbo mengi kuliko alivyoweza kuhesabu, na siku hiyo alijua kwamba kuona hakumsaidii kitu. Akamgeukia daktari na kuinamisha kichwa kukubali. Daktari akanyoosha mkono, naye akamkabidhi koleo la kubania mishipa.

Fausta alipona. Mshono wake ulifunga vizuri kuliko wa wengi. Kornelio, aliyekuwa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, alipoambiwa aliuliza swali moja: "Mwenyewe yu hai?" Alipojibiwa ndiyo, alikaa tena, akafunika uso kwa kofia.

Siku ya nne Hildegarda alikwenda ofisini kwa daktari na daftari mkononi, akaeleza vikaratasi vyote vitatu. Alitaka akemewe. Daktari akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina la Fausta.

"Huyu simhesabu," alisema. "Lakini sikiliza, Sista. Sisi tunapima namna ya kufungua mlango tu. Aliyekuwa anavuja damu alikuwa chumba cha ndani. Ungeacha kile cha kwanza, yangetokea haya haya."

Maneno yale yalikusudiwa kumpa nafuu. Hayakumpa. Angekuwa na kosa, angelibeba. Sasa hakuwa na hata kosa la kubeba.

Kabla Fausta hajaruhusiwa, Hildegarda alimweleza na yeye. Fausta alikuwa ameketi kitandani akisuka nywele za mgonjwa wa jirani.

"Kwa hiyo kwa kisu ningebaki na kizazi?"

"Hapana. Daktari anasema ni sawa tu."

"Sasa kwa nini unaniambia, dada?"

Hildegarda alimnyooshea shuka miguuni. Fausta aliendelea kusuka.

Utafiti ulimalizika mwaka uliofuata. Umeme uliokoa vijiko vichache vya damu na dakika chache, na maumivu ya siku ya kwanza yalipungua kidogo. Mishono ilipona sawasawa, ya kisu na ya umeme. Daktari Oswald alihamishiwa mkoa mwingine. Mashine ilibaki, ikaungua kifaa fulani ambacho hakikupatikana Morogoro wala Dar es Salaam, wakarudi kwenye kisu.

Kornelio alioa mke wa pili baada ya miaka mitatu. Alikuja mwenyewe kumweleza shemeji yake, akavua kofia mlangoni, akasema hamfukuzi Fausta, ana shamba lake na nyumba yake. Hildegarda alimpikia chai. Angemwambia nini? Alikuwa mtu mwema aliyetaka mtoto.

Mwaka uliofuata Fausta aliandika barua kwamba yule mke mwenzie amejifungua msichana, kwa shida, na mkunga wa kijiji alikuwa safarini, kwa hiyo aliyempokea mtoto ni yeye. "Nilikumbuka ulivyonifundisha kunawa mikono," aliandika. "Vitunguu mwaka huu ni vizuri. Nitakutumia gunia kwa treni ya Jumanne."