Shati la Mkwe

Lile shati ndilo lililonitia wasiwasi kwanza. Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye benchi la kituo cha afya, anatapika ndani ya beseni, na amevaa shati jeupe la mikono mirefu ambalo si lake. Wazazi walimleta kwangu Ifakara kutoka Masagati aje kusoma, nikamlea mimi, nguo zake nazijua zote. Hili lilikuwa la mzee aliyesimama pembeni yake, shati la kuendea kanisani. Mzee mwenyewe ni baba wa binti ambaye mdogo wangu alitaka kumuoa. Msimu ule kijana wangu alikuwa anashinda kwenye mpunga wa huyo mkwe mtarajiwa kule Katindiuka, ili aonekane mtu wa kazi.

"Ni homa tu, mwanangu," mzee akaniambia. "Imemkamata shambani, anapalilia. Tumemnywesha maziwa."

Maziwa! Kwetu maziwa anakimbiziwa mtu aliyemeza sumu, mtu wa homa anapewa uji. Nikainama nikanusa nywele zake. Walikuwa wamemwogesha na kumvisha shati safi, lakini nywele bado zilinuka dawa ya wadudu hadi koo likaniwasha.

Nilishamwona kwa macho yangu akipuliza dawa kwenye majaruba. Bomba likiziba, anafungua kile kichwa kidogo kinachotoa dawa, anakitia mdomoni, anakipuliza mpaka kizibuke, kisha anatema mate na kuendelea. Nilimgombeza hadi nikachoka. Alikuwa ananicheka: "Dada, nani hafanyi hivi?" Kweli, wote wanafanya.

"Ulikuwa unapuliza dawa leo?" nikamuuliza.

Akafungua macho. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mzee. "Nilikuwa napalilia, dada," akasema, na mate yakamtiririka hadi kwenye kola.

Jamani! Mtu anakufa huku anachunga heshima.

Daktari alikuwa kijana, mpole, foleni imemfika shingoni. Alishamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha mistari miwili. "Malaria, tena kali," akasema. Nesi akamtundikia dripu ya malaria, wakamhamishia kitandani. Nikamfuata daktari hadi mlangoni kwake.

"Daktari, huyu kavuta sumu."

"Nani kasema? Mgonjwa mwenyewe kakataa. Mzee aliyekuwa naye kakataa. Kipimo kinasema malaria."

"Hapa bondeni nani hana malaria? Nitoboe na mimi!" Nikamnyooshea kidole puani kabisa. "Nitoboe sasa hivi, utaikuta. Mbona mimi sitoki mate?"

"Dada, tulia. Kuna wagonjwa wengine."

Sikutulia. Nilirudi kitandani nikamkuta mdogo wangu anavuja jasho hadi shuka limelowa, nyama za mashavu zinachezacheza zenyewe. Kifua kilikuwa kinakoroma kama chungu cha maharage. Nikamfunua jicho: mboni imesinyaa, imebaki kama punje ya ulezi.

"Mzee," nikasema, na sasa sikuwa nanong'ona, wodi nzima ilisikia, "mwambie daktari ulimpa dawa gani."

"Binti, unanivunjia heshima mbele za watu."

"Nitakuvunjia na zaidi! Huyu akifa, shati lako tutamzika nalo."

Akatazama chini. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba msimu uliotangulia kibarua mwingine alianguka kwenye shamba lilelile, na mtendaji wa kijiji akamwonya mzee kwamba ikitokea tena watafikishana pabaya. Wakati ule sikujua hilo. Nilichoona ni mtu mzima anayekubali mdogo wangu afe ili yeye asiulizwe.

Nikamtafuta binti yake, mchumba wa mdogo wangu, aliyekuja naye. Alikuwa ukutani kwenye korido, kanga kaing'ata kwa meno, analia bila sauti.

"Wifi, wewe unajua. Sema."

Akatikisa kichwa, akachungulia alikosimama baba yake. Nikamwacha, nikajua hapo tena sina mtu. Nilipogeuka tena alikuwa hayupo. Nikamtukana moyoni, Mungu anisamehe.

Pumzi za mdogo wangu zilianza kukatika. Inatoka moja, tunasubiri, nyingine haiji, halafu inakuja kwa kuvutwa. Midomo ikawa inabadilika rangi. Nikapiga kelele, nesi akaja mbio, daktari naye akatoka chumbani. Nje pikipiki ikafunga breki kwa nguvu, na binti akaingia amechafuka vumbi, miguu peku. Alipita mbele ya baba yake kana kwamba hamwoni. Akafungua kanga, akatoa kopo lenye alama nyekundu na picha ya fuvu la mtu.

"Ni hii," akamwambia daktari. "Kapuliza tangu asubuhi. Baba alisema tusiseme."

Daktari akasoma kopo. Akaenda kitandani, akamfunua mgonjwa jicho, akaliangalia alivyopaswa kuliangalia mwanzo. Sijawahi kuona mtu anakimbia ndani ya wodi namna ile. Dripu ya malaria ikasimamishwa, wakaleta mashine ya kunyonya mate na sindano, akapigwa moja, wakamtazama, akapigwa nyingine, na nyingine. Nesi akamvua shati, akamwosha upya kwa sabuni hadi nywele. Daktari hakuniambia pole wala samahani. Lakini hakuondoka pale kitandani, hata foleni ilipoanza kulalamika.

Polepole mate yakakauka. Kifua kikaacha kukoroma. Nilikaa chini sakafuni nikalia kama mtoto, na wifi yangu akakaa pembeni yangu.

Asubuhi yake mdogo wangu alikuwa anaongea, sauti imekauka. Mzee akaingia na kofia mkononi, akasimama miguuni pa kitanda. Mdogo wangu alipomwona akaanza kuhangaika ainuke, nikamzuia akakataa, mpaka akafanikiwa kukaa nusu.

"Shikamoo, baba," akasema.

Tukasubiri. Mdomo wa mzee ulifunguka ukafungika, marahaba haikutoka. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakaanza kutikisika. Mdogo wangu akanyoosha mkono akamshika bega, anambembeleza.

Mimi sikumhurumia. Hadi leo bado.