Umri wa Kungu, Umri wa Mama

Kazi yangu ni kusoma umri wa samaki. Samaki ana kijiwe kichwani, karibu na sikio, kinachoongezeka pete moja kila mwaka. Nakikata chembamba, nakiweka chini ya hadubini, nahesabu. Ni kazi ya subira, na mimi subira sina; nyumbani hunitania kwamba nilipewa kama adhabu.

Jumatatu moja nililetewa kungu, yule samaki mwekundu wa maji ya kina. Nilihesabu pete zake mara tatu, nikapata arobaini na mbili. Na bado alikuwa amejaa mayai, nyama imekaza, meno kamili. Kungu huzeeka polepole mno, na jike mkongwe huwashinda mabinti kwa kutaga. Nilirudi nyumbani Mji wa Kale mbio, nikitaka kumhadithia mama. Nikamkuta chini ya ngazi, hawezi kuinuka.

Alikuwa amevunjika mfupa wa nyonga. Asubuhi yake, hospitalini, daktari alisema apasuliwe siku hiyo hiyo. Akiachwa hatasimama tena, na kule kulala tu kutammaliza. Alitaka jibu letu kabla ya alasiri. Kaka yangu akaja kutoka Tononoka na kitambulisho cha mama mkononi.

"Thamanini na sita," alisema. "Mtu wa umri huu hatiwi kisu. Tumwateni apumzike."

Damu ilinipanda. Nilimweleza habari ya kungu, kwamba miaka peke yake haisemi mwili umechakaa kiasi gani, na kwamba daktari mwenyewe kaupima moyo wa mama akauona mzima.

"Mama si samaki," alinijibu.

Muuguzi alisimama mlangoni na fomu, akitazama saa. Sisi tulikuwa pande mbili za kitanda, sauti zimepanda, mpaka wagonjwa wa jirani wakageuka kutusikiliza.

"Hiyo miaka si yangu," mama alisema.

Tukamtazama.

"Ni ya dadangu. Alikufa mdogo. Nilipozaliwa, baba akanipa jina lake, na cheti chake kikawa changu. Nani alokwenda kuandikisha tena siku hizo? Miye ni mdogo wake kwa miaka minane."

Kaka akahesabu kwa vidole. Sabini na minane. Nikamnyoshea kidole, "Waona sasa!" Nilifurahi kana kwamba nimemfunga bao.

Mama akanikata jicho.

"Nawe wafurahia nini? Ningekuwa na tisini, mungeniata? Tangu asubuhi mwapigana hapa juu yangu, hakuna hata mmoja aloniuliza nataka nini. Nataka kutembea. Nipani kalamu."

Muuguzi ndiye aliyempa. Sisi tulikuwa tumeinamisha vichwa. Akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kisha akairudisha fomu bila kututazama.

Niliona haya kweli kweli. Kaka alikuwa amekosea, lakini mimi nilijua zaidi yake na bado sikumuuliza mama. Walipoanza kukisukuma kitanda nilikifuata mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, nimemshika mkono.

"Mama, niwie radhi."

Akauvuta mkono wake.

"Utaniomba nikitoka," alisema, na mlango ukafungwa.