Chungu Walichokiondoa Kwenye Filamu

Kumbikumbi hawahitaji mafuta. Ukiwaweka kwenye kikaango kikavu juu ya moto wa chini, baada ya muda mafuta yao wenyewe hutoka na kuanza kuimba, na harufu inayopanda hapo si ya nyama wala ya njugu. Ni kitu cha katikati, kizito, chenye udongo wa mvua ndani yake. Harufu hiyo hunirudisha mwaka niliokuwa na miaka kumi na mmoja, baba alipokuwa amezikwa nyuma ya nyumba yetu kabla mvua za kwanza hazijaanguka. Nimesikia watu wakisema kwamba filamu zinazotengenezwa kutokana na gemu ni upuuzi wa watoto, na kwamba chakula ni chakula tu, kinaingia na kutoka. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la saba. Lakini katika mambo haya mawili sikubali kufundishwa na mtu.

Sisi ni Wasamia, na tulikaa ukingoni mwa mji wa Busia, upande wa Uganda, kando ya barabara iendayo Buhehe. Baba alikuwa akivusha watu na mizigo mpakani kwa baiskeli, na mama alilima muhogo na wimbi. Baba alipofariki mama hakulia kwa sauti kama wanawake wengine. Aliacha kula tu. Alikuwa akikaa nasi kwenye mkeka, akinawa mikono kama kawaida, akikata tonge na kulifinyanga kwenye kiganja mpaka linapoa, kisha analirudisha pembeni mwa sahani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Chai ya rangi ndiyo aliyoiruhusu ipite kooni. Shingo yake ikawa nyembamba, na gauni likaanza kumning'inia mabegani. Wanawake wa kanisa walikuja, wakaimba, wakasema, "Mwacheni, majonzi yana siku zake." Siku zikapita na wao wakarudi makwao. Adhabu ya kaburi aijua maiti, husema wahenga, lakini mimi naona na watoto waliobaki nyumbani huijua, tena huijua kila saa ya chakula.

Kaka yangu Wandera alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jioni baada ya shule tulivuka kwenda upande wa Kenya kwa kijia cha nyuma ya soko, kwa sababu huko, ndani ya kibanda cha mabati, kijana mmoja aliyeitwa Kevo alikuwa na televisheni na mashine ya gemu. Gemu lililotushika lilikuwa la mwanamke mpiganaji. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, basi sisi wenyewe tukampa jina: Shangazi. Alikuwa mnene, mwenye kilemba, na alitembea kama shangazi anayekuja harusini akiwa tayari amesikia kwamba hakualikwa vizuri. Alipigana na majitu njiani, na kila alipopigwa mstari wa uhai wake juu ya kioo ulipungua, kutoka kijani hadi mwekundu. Lakini hapa na pale kando ya njia kulikuwa na chungu juu ya mafiga. Ukimfikisha Shangazi kwenye chungu alipiga magoti, akala, ukasikia hata sauti ya kutafuna, na mstari ule ukajaa tena.

Wachezaji wengine waliona kula ni kupoteza wakati. Wandera hakupita chungu hata kimoja. Kevo alikuwa akimpigia kelele kwa Sheng ya vijana wa Kenya, "We mtoi wa Uganda, hapa ni kupigana, si kupika! Cheza fasta, wasee wanangoja!" Naye Wandera, bila kuondoa macho kwenye kioo, alikuwa akimjibu, "Sasa asiyekula atapigana na nini?" Wale wa haraka walikufa kwenye daraja la tatu. Wandera peke yake ndiye niliyewahi kumwona akifika mwisho. Tukiwa njiani kurudi nyumbani alikuwa akiniambia kama mwalimu wa dini: "Nafula, usipite chungu. Hata ukiona umeshiba, usipite."

Mvua zilipokuja, ubao wa kibanda cha video cha upande wetu uliandikwa kwa chaki kwamba Shangazi amekuja kama filamu, na watu wa kweli wameigiza. Wandera aliusoma ubao mara mbili. Kisha akanishika mkono akaniambia kwamba lazima mama aione. Akimwona Shangazi anapiga magoti na kula, na baada ya kula anasimama, mama naye atakula. Leo mtu anaweza kucheka. Mimi sikucheka. Tulikuwa tumeiona dawa hiyo ikifanya kazi kila jioni kwa macho yetu, na haikutupitia akilini kwamba kitu kilichomo kwenye gemu kinaweza kukosekana kwenye filamu yake.

Tuliamua pia kwamba chakula kiwe pale pale, mapajani mwake, ili asipate muda wa kufikiri. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu cha baba. Huku kwetu kichuguu kina mwenyewe kama shamba, na kila mwaka baba ndiye aliyewaita kumbikumbi wake mchana. Unafunika matundu kwa blanketi kuukuu, unanyunyiza maji, halafu unagonga vijiti juu ya kipande cha mbao, haraka na kwa wepesi, mpaka wadudu waliomo ndani wadhani mvua inanyesha. Ukikosea mapigo hawatoki. Wandera aligonga tangu jua la saa sita mpaka vidole vikachubuka, akitafuta mapigo ya baba. Mama alikuwa ameketi mlangoni, amegeuza uso. Kumbikumbi wa kwanza alipotoka, niliona mabega ya mama yakishtuka. Kesho yake, Jumapili, nilipepeta mabawa, nikawakaanga, nikawasaga juu ya jiwe pamoja na simsim, nikasonga ugali wa wimbi na muhogo kama nilivyoweza, nikavifungasha vyote kwenye chungu kidogo ndani ya kikapu.

Sasa niseme ukweli: tulimdanganya mama. Tulimwambia ni filamu ya dini. Akavaa kitenge chake cha kanisani na kilemba cheupe, akatufuata polepole mpaka kwenye kibanda, saa nane mchana, jua likiwaka nje na madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi. Kiingilio chetu kilikuwa kikombe kimoja cha kumbikumbi wakavu, na mlangoni hawakubisha. Mbele, kwenye kiti kirefu, aliketi msimulizi, au vijei kama tunavyowaita, mtu wa Nagongera aliyejiita Vijei Radi. Kazi yake ilikuwa kupunguza sauti ya Kizungu na kutueleza kila kitu kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili chetu cha mpakani.

Shangazi alipotokea, kibanda kizima kiliguna. Walikuwa wamemfanya msichana mwembamba, amepaka rangi midomoni, hana kilemba. Dakika ya kwanza alimpiga mtu teke la shingo. Mama aliniinamia akaniuliza, "Hii ndiyo dini?" Mimi nilikuwa nikingoja chungu. Shangazi alipigwa sokoni, akapigwa mtoni, akatoka damu puani, na kila mara nilishika mfuniko tayari kuufunua. Hapakuwa na chungu. Hapakuwa na mafiga wala moshi. Alipita filamu nzima bila kutafuna kitu. Mwishowe jitu kubwa lilimbwaga kwenye matope, akalala kifudifudi, na hapo Wandera akasimama juu ya benchi.

"Vijei! Chungu kiko wapi?"

"Chungu gani, sebo, bwana wangu?"

"Cha Shangazi. Kwenye gemu anakula kwanza."

"Nyinyi Wasamia!" Vijei Radi alisema kwenye kipaza sauti. "Mama ya watu nakufa kwa matope, wewe nafikiria tumbo yako!" Watu wakaangua kicheko, na mmoja akapaza sauti kwamba Msamia mpe samaki akae chini.

Wandera hakukaa. "Asipokula anakufa," alisema, na sauti yake ikakatika katikati. "Anakufa kweli. Unajua anakufa. Mbona hausemi?"

Kicheko kilizimika. Busia si kubwa, na wengi mle ndani walikuwa wamebebwa kwa baiskeli ya baba. Niliona watu wakimtazama Wandera, kisha wakitazama alikokuwa akitazama yeye, wakaona kitenge cha kanisani na ile shingo. Vijei Radi naye alitazama. Akabonyeza kitufe, picha ikasimama, uso wa Shangazi ukabaki kwenye matope.

"Haya," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Kijana amenishika. Watu ya filamu walikata hapa. Wao nasema huyu ataamka hivi hivi tu. Wongo! Mimi nitawaambia vile ilikuwa. Shangazi aliamka kidogo, akatembea kwa magoti, akafika hapa Busia, nyuma ya soko. Akakuta mama moja ameteleka chungu. Hakuuliza bei. Alinawa mikono. Akakata ugali ya wimbi, ile nyeusi, ile ya moto, nachoma vidole mpaka napuliza hivi, fuu, fuu. Akafanya shimo kwa kidole gumba. Akachota kumbikumbi ya kusaga na simsim, mafuta natiririka mpaka kwa mkono, akalamba mkono, hakuona aibu." Benchi zima lilimeza mate. Vijei akanusa hewani. "Na hii harufu, nani ameleta? Nyabo, mama, wewe ya kitenge. Funua hiyo kitu. Bila mtu kukula, filamu haiendi mbele."

Mama aliketi kama aliyegandishwa. Watu wote walikuwa wamegeuka, na mwanamke mmoja nyuma yetu akasema kwa upole, kwa Kisamia, kwamba tafadhali mama, ale, maana watu wana safari. Nilifunua chungu. Mama alikiinamia, akanusa. Kisha akakata tonge, akatoboa shimo, akachota, akatia mdomoni. Alitafuna. Kibanda kizima kilisikiliza.

"Nani amepika hivi?" aliuliza.

"Mimi, mama."

"Hakuna chumvi."

Akakata tonge la pili, nadhani kuhakikisha. Vijei Radi alibonyeza kitufe, akapiga kelele, "Shangazi ameamka!" na kwenye kioo yule msichana mwembamba akainuka kutoka kwenye matope. Sijawahi kusikia kelele kama zile tena, hata kanisani siku ya Pasaka.

Sitasema kwamba mama alipona siku ile. Alipofika nyumbani alitia chumvi kwenye kilichobaki, akakisaga upya, akala nusu. Kisha alituchapa sote wawili kwa ule uongo wa filamu ya dini, na fimbo ile ilikuwa ya mtu aliyekula.

Nimekua nikiufikiria mpaka huu wetu. Kila kinachovuka hapa hupunguzwa kitu: gunia hutobolewa, debe humwagwa kidogo. Mchezo ule nao ulivuka mahali fulani kuwa filamu, na waliokuwa langoni wakachukua chungu, wakidhani wanaondoa kitu kidogo. Waliacha mateke yote. Lakini sisi tuliopigwa ndio tunaojua kilicho kidogo na kilicho kikubwa. Na siku ile mtu mmoja wa Nagongera, na kijana mmoja aliyechubuka vidole, walikirudisha, na hakuna aliyewapa ruhusa.

Siku hizi kibanda kile wanatengeneza simu ndani yake, na mahali pa Kevo pamejengwa ghala. Filamu za gemu zimekuwa nyingi na za fahari, nguo zile zile, nywele zile zile. Bintiye Wandera, Nabwire, hunionyesha kwenye simu yake. Ni nzuri, sikatai. Mimi hutazama jambo moja tu: kama kuna mtu anayekula. Mama alifariki mzee, ameshiba. Wandera tumemzika mwaka huu, karibu na baba, kabla ya mvua. Kwenye mazishi yake nilikula sahani mbili na nikaomba mchuzi uongezwe. Nilisikia wakinong'ona, "Nafula anakula kana kwamba si kaka yake." Sikugeuka. Wahenga wanasema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Na wao siwakubalii. Mla jana mimi ninamjua, na alichokula ninakijua, na aliyegonga vijiti ili kipatikane ninamjua kwa jina.

Wiki iliyopita nilikifunika kichuguu kwa blanketi na kugonga mwenyewe. Walitoka wachache. Nabwire alikuwa ameketi mlangoni na simu mkononi, hajala tangu juzi. Nikaandaa, nikamwekea mbele.

"Sili, shangazi."

"Sikukuuliza."

Alitazama chungu, akaitazama sura yangu. Akaweka simu chini, akanawa, akakata tonge dogo kama la kuku. Akatafuna muda mrefu.

"Shangazi, chumvi imezidi."

Nikamsogezea chungu karibu zaidi, nami nikanawa mikono.