Chupa Iliyoandikwa Jina la Marehemu

Siku ile katika wodi ya wanaume tulikuwa sita. Mimi, mdogo wangu, aliyelala paja likiwa wazi, mjomba wetu aliye kaka wa marehemu mama, mwanamke wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akikunja shuka za kitanda cha jirani, mtu wa maabara, na daktari mwembamba wa mishipa ya damu, ambaye alikuja kwa ndege ndogo kila baada ya miezi mitatu na kukaa siku mbili tu. Ukimhesabu mume wa yule mwanamke tulikuwa saba, lakini yeye alikuwa ameshapelekwa mochwari asubuhi.

Mdogo wangu alikuwa na mioyo miwili. Ndivyo wadogo zetu wawili wa mwisho walivyosema nyumbani Busale. Wakati wa kuvuna mpunga aliteleza jarubani akiwa na mundu kiunoni, ncha ikamwingia pajani. Kidonda kilifunga vizuri. Chini ya kovu ukaota uvimbe kama pera, na uvimbe ule ulidunda. Mchana ungeweza kukaa mlangoni ukaona kitambaa cha kaptula yake kikipanda na kushuka chenyewe. Ukiweka sikio ulisikia kama upepo kwenye migomba, hata siku ambazo hakuna jani lililotikisika.

Na kimya kilikuwa kingi siku hizo. Biashara ilipofunguliwa, baba alivusha sabuni na sukari mpakani pale Kasumulu, akajenga nyumba ya bati, kisha akaanza kukonda. Mama alimfuata mwaka uliofuata. Nilikuwa kidato cha pili. Nilirudisha vitabu vya shule, nikabaki na shamba na wadogo watatu. Kwetu wafu huzikwa uani, kati ya migomba, na ilifika mahali mtu akichimba shimo la kupanda mgomba, jirani anachungulia kuuliza ni nani.

Mganga alitaka kuutoboa ule uvimbe ili kitu kilichomo kitoke. Nilikataa. Sikuwa na elimu ya kumjibu, ila sijawahi kuona kitu kinachodunda kikatobolewa kikabaki hai. Tukapanda basi kwenda hospitali kubwa ya huko juu milimani.

Daktari aliushika uvimbe kwa vidole viwili, akafumba macho kama anayesikiliza redio ya mbali. Alisema ukuta wa mshipa ulikatwa na mundu, na damu imejichimbia chumba. Chumba hicho kikipasuka, mdogo wangu ataisha kabla ya uji kuchemka. Alitaka chupa mbili za damu kabla ya kumpasua, na kesho yake ndege yake ilikuwa inaondoka.

"Zamani ndugu waligombania nani atoe," alisema. "Tangu ugonjwa huu uingie, friji yangu ni tupu na ndugu wanagombania mlango."

Safari iliyopita aliwarudisha nyumbani wagonjwa wote wa mishipa, kwa kuwa ndio wanaokula damu nyingi kuliko wengine. Mume wa yule mwanamke alikuwa mmoja wao. Wakati ule vidole vyake vya mguu tu ndivyo vilivyokuwa vyeusi. Safari hii aliletwa mguu ukiwa mweusi hadi gotini, na hakumfikia daktari.

"Mjomba, wewe una damu nyingi," mdogo wangu alimtania. "Hata mbu wa Kyela wanakufahamu."

"Mbu hawaandiki kitabuni," mjomba alijibu.

Maana kila damu ilipimwa kwanza, na majibu yakaandikwa katika kitabu kirefu chenye jalada jeusi. Mjomba akasema anatoka kidogo kutazama kama basi limefika. Basi lilikuwa limefika. Alilipanda.

Mimi nilikwenda dirisha la maabara. Yule mtu alinichoma, akajaza kichupa kidogo, akaandika jina langu. "Majibu saa nane. Ukiwa salama unatoa leo leo."

Saa nane ilipofika nilikuwa nimekaa nyuma ya wodi, kwenye kamba za kuanikia shuka. Nilikuwa nikifikiria mikono yangu. Miezi ya mwisho nilimwosha mama vidonda kwa mikono hii, nayo ilikuwa imepasuka kwa kazi ya shamba. Kama nilikuwa nao ugonjwa, nani angewalea wale wawili? Na kama nisingeujua, labda ningeweza kuendelea kulima. Watu husema mimi ni mtu wa kusimama imara. Siku ile nilikaa. Mashuka yalijaa upepo mbele yangu, yakasimama kama watu wanaosubiri zamu, kisha yakalegea.

Mwanamke wa Karonga alinikuta pale. Kinyakyusa cha kwao ni kama chetu, kimebadilika mavazi tu.

"Gwe mwanangu, unajianika pamoja na nguo?"

Nilimwambia yote, hata habari ya mikono. Hakunikemea.

"Chupa yangu iko kwenye friji," alisema. "Niliitoa jana, imeandikwa jina la mzee. Hana haja nayo tena. Waambie waijaribu."

"Ndaga, mama."

"Usinishukuru. Hapa ukichukua unarudisha. Atakuja mtu mwingine kutoka ng'ambo, hana ndugu huku. Mrudishie huyo."

Maabara waliijaribu na damu ya mdogo wangu, ikakubali. Yule mtu alipiga mstari juu ya jina la marehemu, akaandika la mdogo wangu. Kisha akanitazama.

"Majibu yako yapo tangu saa nane."

"Nitakuja," nilisema.

Daktari alisema kwa chupa moja atashona upesi. Alivaa glavu mbili mbili. Mdogo wangu alipozinduka jioni, swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini mzee wa kitanda cha jirani ameacha kukohoa, maana alimsikia akikohoa karibu naye muda wote alipokuwa akipasuliwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa mzee amefariki. Niliweka kiganja pajani kwake. Palikuwa kimya. Nikausikia moyo wangu badala yake, masikioni, nao haujanyamaza vizuri tangu siku hiyo.

Sasa anatembea, anabeba gunia. Siku za soko nikiwaona wanawake wa Karonga na vikapu vyao, natazama miguu yao, si nyuso. Katika kitabu kile cha maabara kuna mstari wenye jina langu, na mbele yake neno moja ambalo kitabu kinalijua na mimi silijui. Mdogo wetu wa mwisho yuko darasa la saba. Nimejiambia akimaliza nitapanda basi, nitoe mkono uleule, nisubiri dirishani mpaka saa nane.

Chupa moja. Sijairudisha.